Frasila Mbili: Niliyojifunza kwa Siku Moja Bagamoyo

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Afisa Elimu wa Kata, walimu wakuu mliohudhuria, na walimu wenzangu wa somo la historia,

Waandaaji wa mafunzo haya waliniomba nizungumzie namna bora ya kufundisha biashara ya masafa marefu ya karne ya 19. Naomba mniruhusu niiendee mada hiyo kwa kuwasimulia Jumamosi moja niliyoitumia Bagamoyo, mji ulio takriban kilomita 70 kutoka hapa Dar es Salaam, ambao nilikuwa nimeufundisha kwa miaka kumi na minne bila kuukanyaga hata mara moja.

Kilichonipeleka huko ni swali la mwanafunzi wa kidato cha pili. Siku hiyo nilikuwa nimechora ubaoni ramani niliyoichora kila mwaka, yenye mshale mmoja mnene unaoanzia Ujiji, unapita Tabora na kuishia Bagamoyo, nami nilikuwa nikieleza kwamba pembe za ndovu na watumwa walishuka pwani kwa njia hiyo, na nguo, shanga na bunduki zikapanda bara. Kijana huyo akanyoosha mkono akauliza, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, hapo Bagamoyo wewe umeshafika?" Nikamjibu kwamba sijafika. Akaitikia, "Sawa, mwalimu," akaendelea kunakili ramani yangu. Nilimaliza kipindi, lakini ile "sawa" nilitoka nayo. Nilitambua kwamba mtoto yule alikuwa ameandika kwenye daftari lake jambo ambalo mimi mwenyewe nililinakili kwenye daftari la mtu mwingine, na kwamba umbali wa kutoka darasani kwangu hadi mahali penyewe ni safari ya saa mbili au tatu kwa basi.

Basi Jumamosi iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa kituo cha Makumbusho nikipanda gari la Bagamoyo. Nilikuwa na daftari jipya lenye maswali 17 niliyoyaandaa usiku, kila swali na nafasi yake ya jibu. Tukapita Mwenge, Tegeta na Bunju, tukaingia Mapinga na Kerege, ambako nyumba zinaanza kuachiana nafasi na minazi inaanza kuonekana, na kabla ya saa tatu nilikuwa nimeshuka na kuelekea moja kwa moja pwani.

Maji yalikuwa yamekupwa. Pwani ya Bagamoyo haina kina. Maji yakitoka hutoka mbali sana, na vyombo hubaki vimelala ubavu juu ya mchanga au kuelea mbali huko, hivyo kila kilichovuliwa hufikishwa nchi kavu na mtu. Niliwaona vijana wakitembea ndani ya maji yanayowafika kiunoni, wengine na matenga ya samaki kichwani, wengine wakiwa na mzegamzega begani, wakipanda mchanga hadi kwenye mnada ambako wanunuzi, wengi wao akina mama, walikuwa wamekwisha kujipanga. Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Nilikuwa nimewahi kufundisha kwamba uchache wa kina cha maji ni mojawapo ya sababu zilizowafanya Wajerumani kuhamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, kwa kuwa meli za mvuke zilihitaji bandari ambayo majahazi hayakuihitaji. Hoja hiyo ni sahihi na wanafunzi wangu huijibu vizuri katika mitihani. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba mahali ambapo meli haifiki, mtu hugeuka kuwa daraja kati ya chombo na nchi, na kwamba daraja hilo lina shingo na magoti.

Kando ya mnada palikuwa na mzee ameketi kivulini akitengeneza nyavu. Nilimwendea, nikamwamkia shikamoo, na kabla hajamaliza kuitikia marahaba nikawa nimeshamuuliza kama anajua asili ya jina la Bagamoyo, kama watumwa walipakiwa sehemu hii ya pwani, na kama zamani palikuwa na gati. Mzee aliweka sindano yake chini akasema kwa upole, "Mwanangu, mimi sijakujibu salamu vizuri, wewe umeshaniuliza matatu. Umetoka wapi? Nyumbani wameamkaje? Chai umekunywa?" Niliona haya, walimu wenzangu, na ninawaambia jambo hili kwa kuwa nadhani ni kosa letu wengi. Tumezoea kuuliza maswali ambayo majibu yake tunayo mfukoni. Swali la mwalimu darasani ni la kupima, na tukitoka nje ya darasa tunaendelea kuwapima watu ambao wametuzidi elimu ya mahali pao. Nilifunga daftari, nikaketi, tukaagiza chai, na kwa nusu saa nzima tulizungumzia bei ya samaki, mvua, na mtoto wake wa mwisho anayefanya kazi huku Dar es Salaam.

Yeye mwenyewe ndiye aliyerudi kwenye jina. Mimi nilikuwa nikifundisha maana moja tu: kwamba Bagamoyo ni "bwaga moyo", na kwamba neno hilo lilitamkwa na mtumwa aliyefika pwani akaiona bahari na kukata tamaa ya kurudi kwao. Mzee hakukataa. Alisema maana hiyo ipo, na kwamba aliyefika hapa akiwa mateka hakuwa na sababu ya kulitamka neno hilo kwa furaha. Kisha akaniuliza, "Lakini mtu aliyebeba mzigo miezi mitatu, akifika anapokwenda, anaufanyaje?" Nikamjibu kwamba anaubwaga. "Basi na yeye ameubwaga moyo," akasema. Babu wa babu yake, kwa jinsi alivyosimuliwa, alishuka kutoka Unyamwezi akiwa mpagazi, akaoa hapa na asirudi tena.

Naomba tulitazame neno hilo kwa makini kidogo, kwa sababu hapa ndipo niliposhikwa. Kitenzi "kubwaga" kinabeba hali zote mbili bila kulazimishwa. Mtu hubwaga mzigo akapumua, na mtu hubwagwa chini na aliyemzidi nguvu. Anayekata tamaa na kazi tunasema amebwaga manyanga. Lugha yetu imeziweka faraja ya aliyefika na simanzi ya aliyefikishwa katika neno moja, kisha mimi, mwalimu wa historia, nikachukua nusu yake na kuifanya jibu la alama mbili. Sisemi kwamba utumwa haukuwapo au kwamba ulikuwa jambo dogo. Watu waliletwa pwani hii wakiwa wamefungwa, na biashara ya kuwasafirisha kwa bahari iliendelea mpaka Sultani Barghash wa Zanzibar alipotia saini mkataba wa kuipiga marufuku mwaka 1873, na hata baada ya hapo iliendelea kwa siri. Ninachosema ni kwamba katika njia hiyo hiyo walipita pia maelfu ya wapagazi huru, wengi wao Wanyamwezi, waliokuja wakati wa kiangazi na kurudi kwao kulima, waliofanya kazi kwa ujira na wengine kubeba bidhaa zao wenyewe, na ambao kwao safari ya pwani ilikuwa jambo la kumpa kijana heshima kijijini. Hao katika masomo yangu hawakuwamo. Nilikuwa nimeichora njia yenye urefu wa takriban kilomita 1,200 bila kumweka mtu hata mmoja aliyeitembea kwa hiari yake.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa wa frasila mbili hivi, yaani takriban kilo 32, na pembe kubwa ya ndovu ilizidi hapo. Aliubeba kichwani au begani siku baada ya siku, akiwa na chakula chake na mkeka wake juu ya mzigo huo. Msafara uliongozwa na kirangozi aliyetangulia na bendera, na wapagazi walikuwa chini ya wanyapara wao. Kila mmoja alipewa posho ya chakula, na msafara ulipopita katika nchi za watu, hasa Ugogo, ulilipa hongo kwa watawala wa huko ili upewe ruhusa ya kupita na kuchota maji.

Nimeyataja maneno hayo kwa makusudi, kwa sababu katika basi la kurudi niliyaandika moja baada ya jingine nikashangaa. Posho leo ni ile tutakayotia saini jioni hii kabla ya kuondoka ukumbini. Nyapara tunamjua gerezani na kwenye mashamba. Hongo, ambayo ilikuwa ada ya wazi anayotozwa msafiri na mwenye nchi, leo ni jina la uovu unaofanywa chini ya meza. Maneno yametembea njia ile ile na kubadilika njiani kama watu wanavyobadilika, nasi tunayatumia kila siku mbele ya watoto bila kuwaonyesha yalikotoka. Kama kuna jambo moja la kimbinu ninaloweza kuwaachia katika mafunzo haya ni hilo: mada ya misafara tunayo mdomoni kabla hatujafungua kitabu.

Kutoka pwani nilipita kwenye majengo ya wakati wa Wajerumani, ambayo sitayazungumzia sana kwa kuwa vitabu vyetu vimekwisha kuyazungumzia vya kutosha, nikaelekea Misheni. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo kutoka Unguja mwaka 1868, wakaanzisha makazi ya watu waliokombolewa utumwani. Katika viwanja vyake upo mbuyu mkubwa uliopandwa katika mwaka huo huo, na kutoka kwenye shina lake umechomoza mnyororo wa chuma, ambao sehemu yake kubwa imemezwa na mti. Nilipouona nilisisimka. Nilijua papo hapo ni nini, nikafungua daftari na kuandika kwamba hapa watumwa walifungwa. Nilipiga picha tatu kwa ajili ya darasa.

Kijana anayetembeza wageni alinisubiri nimalize, kisha akanieleza kwamba, kwa kumbukumbu za Misheni, mnyororo ule ulifungwa pale mwishoni mwa karne ya 19 na mwanamke wa Kifaransa aliyehudumia wagonjwa, na kazi yake ilikuwa kumfungia punda wake. Mti uliendelea kunenepa na mnyororo ukasahauliwa.

Kama kijana yule asingekuwapo, ningerudi na picha tatu za uongo, na uongo huo ungekuwa na nguvu kuliko mshale wangu wa ubaoni, kwa sababu ningeusema kwa sauti ya mtu aliyekwenda akaona kwa macho yake. Kabla ya hapo nilidhani kosa langu lilikuwa ni kutofika. Pale chini ya mbuyu niliona kwamba mtu anaweza kufika na bado asione kitu ila kile alichokuja nacho. Nililikata sentensi yangu kwa mstari mmoja, lakini sikulichana karatasi lile. Ninalo hapa, na wanafunzi wangu wameliona.

Katika viwanja hivyo hivyo vya Misheni upo mnara wa kanisa la kwanza, ambao wengi huuita mnara wa Livingstone. Mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ulifikishwa Bagamoyo mwezi wa Februari mwaka 1874 na kulazwa hapo kabla ya kuvushwa kwenda Unguja na hatimaye Uingereza. Hayo tunayafundisha. Alifia katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873. Watu wake walimzika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakauviringa kwa magome na nguo, kisha wakaubeba kwa takriban miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500, wakipita katika nchi ambazo kubeba maiti ni jambo la kuogofya na la kuwatia hatarini. Hawakuamriwa na mtu. Aliyekuwa akiwalipa alikuwa amekwisha kufa.

Majina yao yanajulikana. Abdullah Susi na James Chuma ndio waliouongoza msafara huo. Jacob Wainwright, kijana aliyesomea katika shule ya wamisionari huko India, aliandika kumbukumbu za safari, na Halima, aliyekuwa mpishi, alikuwamo. Ni Wainwright peke yake aliyefika na jeneza London kwa mazishi katika kanisa la Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874; Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yameshapita. Jiwe la kaburi linasema kwamba mwili uliletwa na mikono mwaminifu kwa nchi kavu na bahari. Mikono imetajwa, wenye mikono hawakutajwa. Nilisimama mbele ya mnara ule nikajiuliza ni mara ngapi mimi mwenyewe, Mtanzania, nimeandika ubaoni "mwili wa Livingstone uliletwa Bagamoyo", kwa kitenzi cha kutendwa, kana kwamba mwili ulijileta. Tunawasahihisha watoto sarufi katika somo la Kiswahili, lakini katika historia sarufi hiyo hiyo inaweza kumfuta mtu. Tangu siku hiyo, katika darasa langu, anayebeba hutajwa kwanza.

Alasiri nilikwenda Kaole, kilomita chache kusini ya mji, penye magofu ya misikiti miwili na makaburi ya kale, mengine yenye nguzo za mawe ya matumbawe. Katika baadhi ya nguzo hizo yamebaki mashimo ya duara ambamo zamani ziliwekwa bakuli za kauri kutoka Uchina. Mji huo ulikuwa na watu na biashara tangu karne ya 13, miaka mia kadhaa kabla ya misafara ninayoifundisha, na hata wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipovuka kutoka Unguja mwaka 1857 walianzia safari yao ya bara hapo Kaole. Nilifika nimechoka, jua likiwa linashuka nyuma ya minazi, na sikuuliza chochote. Niliketi karibu na kisima, ambacho maji yake ni baridi na matamu ingawa bahari ipo hatua chache tu, nikamsikiliza mtembezaji akiwaeleza watoto wa shule moja ya msingi waliokuja kwa basi lao namna mikoko ilivyoijaza pwani mpaka vyombo vikashindwa kutia nanga. Watoto wale walikuwa na umri wa miaka tisa au kumi, na walikuwa wamenitangulia kwa miaka 30 na zaidi.

Nilirudi Dar es Salaam saa mbili usiku. Katika maswali yangu 17 nilikuwa na majibu ya matatu, na mengine nilikuwa nimegundua kwamba hayakuwa maswali.

Jumatatu nilimwomba mtunza stoo wa shule anipimie mchanga kilo 32 kwenye gunia. Niliuweka mzigo huo mbele ya kidato cha pili, nikawaambia kwanza kwamba nimefika Bagamoyo, na kwamba baadhi ya niliyowaandikia wiki iliyopita yanahitaji kurekebishwa, kisha tukayarekebisha pamoja, mstari kwa mstari. Baadaye wale waliotaka, na walitaka karibu wote, walipeana zamu kulibeba gunia kuzunguka uwanja wa mpira mara moja tu, wenzao wakilishika pembeni lisiwaangushe. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Kelele zilikuwapo kwa watatu wa kwanza, kisha zikapungua, kwa sababu kila aliyerudi alikuwa akilitua gunia taratibu na kukaa chini bila kusema neno. Binti mmoja alilibwaga kwa nguvu, akashusha pumzi, na darasa zima likasema kwa pamoja neno ambalo mimi nilihitaji mzee na kikombe cha chai kulielewa.

Yule kijana aliyeniuliza swali alikuwa wa mwisho. Alipotua mzigo, aliuliza mpagazi alikuwa analipwa nini. Nilikuwa na jibu: mara nyingi nguo, ama merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, au kaniki nyeusi, iliyopimwa kwa mikono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, na wakati mwingine sarafu za fedha ziitwazo reale. Akauliza kaniki ni nguo ya namna gani. Nilianza kueleza, nikasita, nikaona kwamba sijawahi kuigusa kwa mkono wangu, nikamwambia hivyo. Siku mbili baadaye alikuja na kipande cha kaniki cha bibi yake kilichokunjwa ndani ya gazeti, na kwa ruhusa ya bibi huyo kimekaa darasani kwetu muhula mzima. Nimekuja nacho leo. Naomba kipite mkono kwa mkono kuanzia meza ya mbele, na kila mmoja wetu akishike kabla hatujaenda kutia saini posho zetu.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.